Mto uko mbele, maji yanatoka nyuma: maswali yenu kuhusu Ellicott City

MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya stesheni ya kale ya Ellicott City, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, na chini yake maelezo ya mistari mitatu kwamba mji huo ulisombwa na mafuriko ya ghafla Julai 2016 na ukasombwa tena Mei 2018. Mistari mitatu haikutosha. Barua zimetufikia kutoka kwa wasomaji wanaoishi Maryland kwenyewe, ambako Watanzania na Wakenya si haba, na kutoka kwa wasomaji wa nyumbani walioisoma habari hiyo kwa macho ya watu waliowahi kukimbia maji. Tumechagua barua sita, na baadhi tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, ninaishi Columbia, jirani kabisa na Ellicott City, na siku za mapumziko huwapeleka wanangu kutembea pale Main Street. Ninachokiona ni mji wa mlimani; ukipanda kutoka stesheni hadi kwenye mahakama ya zamani unahema. Kwetu Tanga mafuriko ni shida ya watu wa bondeni. Inakuwaje mji wa mlimani ufurike?
*Msomaji, Columbia, Maryland*

Ndugu msomaji, mji uko mlimani lakini Main Street iko korongoni. Ukisimama mbele ya stesheni ukiupa mgongo Mto Patapsco, utaona barabara inapanda mbele yako ikiwa imebanwa na miamba kushoto na kulia, na majengo ya mawe yamesogeleana bila hata nafasi ya uchochoro. Nyumba za juu, pamoja na hiyo mahakama inayokutoa jasho, haziko katika njia ya maji. Barabara yenyewe ndiyo iliyolala ndani ya njia hiyo. Vijito vya Hudson, Tiber na New Cut vinashuka kutoka vilimani, vinakutana katika sehemu ya chini ya mji, kisha vinaingia mtoni kwa mkondo mmoja.

Ndugu watatu wa ukoo wa Ellicott, John, Andrew na Joseph, walipofika hapo mwaka 1772 kutoka Pennsylvania, walikuwa wakitafuta hasa maji yanayoshuka kwa nguvu, kwa sababu kinu cha kusaga unga hakizungushwi na maji yaliyotulia. Waliwashawishi wakulima wa jirani waache tumbaku na kupanda ngano, wakaisaga, wakatajirika, na mji ukajulikana kwa jina la Ellicott's Mills. Reli ya Baltimore and Ohio ilipoanza kubeba abiria Mei 1830, mwisho wake ulikuwa hapo, kilomita 21 hivi kutoka Baltimore, na mabehewa ya mwanzo yalivutwa na farasi. Jengo la stesheni lililojengwa kati ya 1830 na 1831 ndilo kongwe kuliko majengo yote ya stesheni yaliyobaki Marekani. Mteremko, kwa maneno mengine, ndio uliokuwa mtaji wa mji huu.

Shida ni kwamba katika korongo ardhi tambarare ni chache, na biashara ilipokua kila mtu alitaka mlango wake utazame Main Street. Wajenzi wakajenga kuta za mawe kando ya vijito, wakaweka sakafu juu ya kuta hizo, na maduka yakasimama juu ya maji. Hadi miaka hii ya karibuni mtu aliweza kuketi akinywa kahawa bila kujua kwamba Tiber inapita chini ya kiti chake; ukiufuata mkondo kwa miguu, ulionekana hapa, ukapotea chini ya jengo, ukaibuka nyuma ya jengo jingine. Siku ya kawaida ni kijito cha kuvuka kwa hatua chache. Lakini vilima vinavyokizunguka ni mwamba wa graniti uliofunikwa na udongo mwembamba, na mvua kubwa ikipiga vinamwaga maji kama paa la bati, huku mfereji wa kuyapokea ukiwa mmoja tu.

Eneo lote linalomwaga maji katika vijito hivyo halifiki kilomita za mraba 10. Jioni ya Jumamosi, 30 Julai 2016, ilinyesha mvua ya milimita 150 hivi katika muda wa saa mbili. Zidisha mwenyewe: milimita 150 juu ya kilomita za mraba 10 ni karibu mita za ujazo milioni 1.5. Toa kiasi kilichonyonywa na udongo, kisha fikiria kiasi kilichobaki kikiingia kwa pamoja katika mfereji uliokwisha kuzibwa kwa sakafu za maduka. Maji yalipokosa nafasi chini, yalipita juu, yaani barabarani.

Udogo wa eneo hilo una hatari nyingine ambayo watu wa mito mikubwa hawaizoei. Mto mkubwa hukupa saa kadhaa, hata siku, kabla ya maji ya mvua iliyonyesha mbali kukufikia. Hapa mvua na mafuriko vilitengana kwa dakika. Migahawa ilikuwa imejaa watu, na walioyaegesha magari yao mbele ya mlango waliyaona yakiondoka. Katika video iliyoenea dunia nzima, wanaume kadhaa wameshikana mikono kutoka mlangoni mwa duka, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye gari lililokuwa likiyumbishwa na maji, na wakamtoa mwanamke aliyekuwa ndani. Ukipata nafasi ya kuitazama, angalia mwelekeo wa maji: yanatoka juu ya barabara yakielekea mtoni. Patapsco hakuwa ameufuata mji. Mji ulikuwa umesimama katika njia ya maji yaliyokuwa yakimfuata Patapsco. Watu wawili walikufa usiku ule. Saa ya mjini, iliyosimama juu ya nguzo yake katika sehemu ya chini ya Main Street, ilisombwa, wakairudisha, na Mei 2018 ikasombwa tena.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimesoma kwamba baada ya mafuriko ya 2016 wataalamu wa hali ya hewa walitangaza kwamba mvua ile hutokea mara moja katika miaka 1,000. Mafuriko ya pili yalikuja baada ya miezi 22. Nawaeleza nini wanafunzi wangu, kwamba wataalamu walidanganya?
*Mwalimu, Dodoma*

Hawakudanganya, Mwalimu, ila waliitumia lugha ambayo kila mtu isipokuwa wao wenyewe huielewa vibaya. Walichokusudia ni kwamba, kwa kumbukumbu za mvua zilizopo, uwezekano wa mvua ya kiwango kile kunyesha mahali pale katika mwaka wowote ni 1 kati ya 1,000. Mwaka unaofuata uwezekano ni ule ule, kwa sababu mawingu hayana kumbukumbu na mvua ya 2016 haikuupa mji likizo. Waulize wanafunzi wako: mtu akiishi hapo miaka 70, ana uwezekano gani wa kuiona mvua hiyo walau mara moja? Watapata karibu asilimia 7, na hapo neno "miaka 1,000" litaanza kupoteza utulivu wake.

Jambo la pili ni kwamba kipimo hicho ni cha mahali pamoja. Nchi kubwa kama Marekani ina maelfu ya mabonde madogo, na kila mwaka baadhi yake hupata mvua ya namna hiyo. Kwa Ellicott City kupata mbili ndani ya miezi 22 ni bahati mbaya sana, sikatai, lakini kwa Marekani nzima si muujiza.

Jambo la tatu, ambalo naona ndilo zito, ni kwamba majedwali ya mvua yanayotumiwa Maryland yalichapishwa 2004 kutokana na vipimo vya karne iliyotangulia, na yanachukulia kwamba hali ya hewa ya kesho itafanana na ya jana. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 ya Selsiasi zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo ndio unaoanguka mawingu yakifunguka. Jedwali la zamani linaweza kuwa lilikokotolewa kwa uangalifu wote na bado likatupa hesabu ya ulimwengu uliopita. Alasiri ya Jumapili, 27 Mei 2018, baadhi ya vipimo vya karibu na mji vilionyesha zaidi ya milimita 200.

Halafu kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita. Ile 1 kati ya 1,000 ilihusu mvua, haikuhusu mafuriko. Ili Main Street ifurike haihitaji mvua ya miaka 1,000. Mabaki ya kimbunga Lee yaliingiza maji sehemu ya juu ya mji Septemba 2011, na hakuna aliyeyapigia hesabu za milenia. Ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku usemi huo katika matangazo kwa umma na kuwaambia watu asilimia ya uwezekano katika muda wa mkopo wao wa nyumba. Mwenye duka aliyekopa baada ya 2016 ili afungue tena, akiamini kwamba zamu yake imepita kwa vizazi thelathini, alipewa taarifa sahihi iliyomwelekeza kubaya.

Assalaam aleikum. Mimi naona mnazunguka. Matajiri wamejenga majumba na maegesho ya magari juu ya vilima, wameweka lami kila mahali, na maji yamewashukia wanyonge wa chini. Semeni wazi nani wa kulaumiwa.
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Sehemu ya unachosema ni kweli na haina ubishi. Eneo la juu ya mji limejaa mitaa ya makazi, maduka makubwa na barabara kuu, na lami haimezi maji. Sheria ya Maryland ya kudhibiti maji ya mvua ilipitishwa 1982. Yaliyojengwa kabla yake mengi hayakulazimika kuwa na bwawa la kuyazuia, na hata yaliyojengwa baadaye yalikadiriwa kwa mvua ndogo kuliko zile zilizokuja. Wakazi wa Main Street wamelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na kila kibali kipya cha ujenzi huko juu huwatonesha kidonda.

Hata hivyo, lami peke yake haielezi historia ya mji huu. Tarehe 24 Julai 1868, mwaka mmoja tu baada ya kupewa hadhi ya jiji na jina la Ellicott City, bonde la Patapsco lilipatwa na mafuriko yaliyoua watu wapatao 40, na wakati huo hapakuwa na lami popote. Kwenye nguzo ya daraja la reli, pale chini karibu na stesheni, kuna alama zinazoonyesha vimo vya mafuriko ya miaka mbalimbali. Ya mwaka 1972, kimbunga Agnes kilipopita, iko juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ya 1868 iko juu zaidi ya hiyo. Mafuriko hayo yalikuwa ya mto kupanda kutoka chini, na ni aina tofauti na ya 2016 na 2018, ambayo yalishuka kutoka juu. Mji huu una mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na maji yameutumia kila mmoja kwa wakati wake.

Kwa mvua ya milimita 150 katika saa mbili, hata msitu mnene juu ya mwamba usingeweza kuyanywa maji yote. Ungepunguza na kuchelewesha, na pengine kuokoa baadhi ya majengo, lakini barabara ingefurika. Kwa hiyo mimi lawama naigawa, na fungu kubwa nawapa waliofanya maamuzi mawili: wa karne ya 19 walioziba vijito kwa sakafu za maduka, na wa karne ya 20 walioruhusu vilima vijengwe wakijua vizuri kwamba vijito vile vimezibwa. Hao wa pili walikuwa na ramani mkononi. Kuhusu wanyonge na matajiri, itakubidi uniwie radhi: wenye maduka ya Main Street wengi ni wafanyabiashara wadogo kweli, lakini wakazi wa juu nao si wote mabwanyenye.

Je, reli ina hatia? Nauliza kwa sababu sisi wa Bonde la Ufa hatujasahau Mai Mahiu.
*Msomaji, Nakuru*

Pole kwenu kwa msiba ule. Kwa Ellicott City jibu ni kwamba reli ni mwathirika zaidi kuliko mkosaji. Inapita chini kabisa, kando ya mto, na inavuka mwisho wa Main Street kwa daraja. Daraja lolote hupunguza nafasi ya maji kutoka, na likinasa magari na magogo hupunguza zaidi. Ndiyo maana kupanua njia ya maji chini ya Maryland Avenue, barabara ndogo inayopita mbele ya stesheni, kumo katika mipango ya kaunti. Lakini maji ya 2016 na 2018 yaliharibu mji kabla ya kulifikia daraja. Yaling'oa vijia vya waenda kwa miguu na kuchimba mashimo chini ya misingi ya majengo huko juu, na mwaka 2018 yakalisomba jengo dogo la mahakama ya kwanza (si ile ya mlimani), lililokuwa limesimama hapo tangu karne ya 19.

Mai Mahiu ilikuwa kinyume chake. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, katika eneo la Old Kijabe, njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ya zamani iliziba kwa miti, mawe na matope. Maji ya mvua yakajaa nyuma ya tuta hadi likawa bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelichora, na tuta liliposhindwa, yote yakatoka kwa mara moja yakiwakuta watu usingizini. Walikufa watu zaidi ya 50. Tuta halikuwahi kujengwa ili kuzuia maji. Lilijengwa kubeba gari moshi, na kalvati lake ndilo lililokuwa likiwalinda watu wa chini bila wao kujua. Reli za enzi za ukoloni zina makalvati kama hayo kila zinapokata mteremko, na yule mfanyakazi wa njia aliyekuwa akitembea kuyakagua na kuyazibua kabla ya masika alikuwa anafanya kazi ya usalama wa raia kwa mshahara wa kibarua.

Shikamoo Mhariri. Sisi wa Kilosa tunajua habari ya reli na maji. Mto Mkondoa ulivunja tuta mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu wakaishi kwenye mahema, na treni za reli ya kati zikasimama kwa miezi. Wamarekani wana fedha. Wamefanya nini ambacho sisi tunaweza kujifunza?
*Msomaji, Kilosa*

Marahaba. Jibu lako linahitaji kwanza kisa cha siasa, kwa sababu fedha hazikuwa tatizo la kwanza.

Ellicott City si manispaa. Hati yake ya jiji ilifutwa 1935, na tangu hapo maamuzi yake hufanywa na Kaunti ya Howard, ambayo wapiga kura wake wengi hawaishi kwenye korongo. Baada ya mafuriko ya pili, kiongozi wa kaunti wa wakati huo, Allan Kittleman, alitangaza mpango wa kununua na kubomoa majengo takriban 10 ya sehemu ya chini ya Main Street ili mkondo upanuliwe na kuachwa wazi. Wahifadhi wa majengo ya kale walipinga kwa nguvu: mji wa kihistoria ukibomolewa ili uokolewe, unabaki na nini cha kuokoa? Novemba 2018 Kittleman alishindwa uchaguzi na Calvin Ball, na mwaka 2019 Ball akaleta mpango mwingine, wa kubomoa majengo manne badala ya 10, kuchimba handaki ndani ya mwamba na kujenga mabwawa huko juu.

Handaki hilo, linaloitwa North Tunnel, limepangwa kuwa na urefu wa kama kilomita moja na nusu, likiyachukua maji ya kijito cha Hudson katika sehemu ya juu ya mji na kuyapeleka moja kwa moja hadi Patapsco bila kugusa Main Street. Kwa miradi hii kaunti ilipata mwaka 2022 mkopo wa dola milioni 75 kutoka serikali kuu. Mabwawa ya Quaker Mill na lile linaloitwa H-7, karibu na makutano ya barabara kuu namba 29 na 40, yalitangulia. Haya si mabwawa ya kuhifadhi maji kama tunavyoyazoea. Hukaa matupu au karibu matupu mwaka mzima, yakisubiri saa mbili za mvua, kisha huyaachia maji polepole kupitia tundu dogo. Mtu asiyejua akiliona shimo hilo kubwa la nyasi wakati wa kiangazi atasema kaunti imetupa fedha.

Mimi binafsi naona mpango wa kwanza ulikuwa wa haki zaidi kwa kijito na mpango wa pili ulikuwa wa haki zaidi kwa mji, na sioni aibu kuwa na mapenzi na pande zote mbili. Ila handaki lina udhaifu mmoja ambao wasifiaji wake huupita haraka: halichukui maji ya New Cut, kijito kinachoingia mjini chini zaidi. Kwa hiyo litapunguza kina cha maji barabarani, na kwa mvua kama ya 2016 hilo ni jambo kubwa, lakini halitaigeuza Main Street kuwa mahali pasipofurika.

Sasa Kilosa. Handaki hamlihitaji, kwa maana Mkondoa ni mto wa bonde pana unaobeba mchanga mwingi, na kila mwaka mchanga huo unakipandisha kitanda chake kuelekea kimo cha tuta. Reli ya kisasa ya SGR imelikwepa tatizo hilo kwa kupita kwenye mahandaki na madaraja ya milimani, lakini watu hawakuhamishwa pamoja na reli. Kwenu kazi ni tuta, mchanga na mashamba ya kingoni.

Kitu cha kuiga ni kile cha bei ndogo. Mwaka 2019 kaunti iliweka king'ora cha mafuriko kinachosikika mtaani, na kando ya Main Street ikabandika vibao vinavyoonyesha vichochoro na ngazi za kupandia mahali pa juu. Ukiwa mgeni, umeshikwa na mvua mbele ya duka usilolijua, na nyuma ya duka hilo kuna mwamba, kibao kinachokuambia kwamba ngazi iko hatua ishirini upande wako wa kushoto kina thamani kuliko ahadi ya handaki. Kwa Kilosa kibao kama hicho, kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa, na kijana mmoja wa Kidete au Gulwe, huko mto unakotoka, mwenye simu na kipimo cha maji kilichochorwa kwenye nguzo ya daraja, vinawapa saa kadhaa ambazo watu wa Ellicott City hawatazipata kamwe hata kwa dola milioni 75, kwa kuwa mto wenu hutoka mbali.

Mdogo wangu wa kike amepata kazi Maryland na anataka kupanga chumba juu ya duka moja hapo Main Street. Kodi ni nzuri na jengo ni la kupendeza mno. Nimkataze?
*Dada mkubwa, Silver Spring*

Usimkataze, dada, lakini mwambie aulize maswali kabla ya kutia sahihi. Chumba cha ghorofa ya juu kwa kawaida ni salama kuliko mtaa, mradi jengo lisiwe miongoni mwa yale yaliyo juu ya kijito. Aombe aonyeshwe mkondo unapita wapi, na mwenye nyumba akisema hajui, atafute chumba kingine. Aulize pia maji yalifika kimo gani ndani ya jengo hilo Mei 2018, na kama kuna mlango wa nyuma unaotoka upande wa mlimani. Chumba chenye ngazi moja tu inayoshukia Main Street si cha kupanga, hata kikiwa cha bure.

Gari lisilale mtaani usiku wa tahadhari ya mvua, na asikimbilie kulihamisha king'ora kikishalia. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulichukua gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini. Waliokufa 2016 walisombwa kutoka kwenye magari yao. Aliyekufa 2018, askari wa akiba wa jimbo, alichukuliwa na maji akijaribu kumsaidia mtu mwingine. King'ora kikilia, apande, asishuke kuangalia.

Kuhusu bima, watu wetu wengi hukosea hapa. Bima ya kawaida ya mpangaji Marekani hailipi hasara ya mafuriko. Lazima akate bima ya mafuriko peke yake, na ile ya mpango wa taifa humlipa mpangaji hadi dola 100,000 za vyombo vyake. Gari nalo hulipwa na bima kubwa ya gari tu, si ile ndogo ya kisheria. Tena bima ya mafuriko ya mpango wa taifa kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, kwa hiyo akihamia Juni, malipo yafanyike kabla ya Mei kuanza.